Wiki Tatu za Kumlinda Sumaili

Kasongo, Jumatatu, 3 Juni 1957

Siku kubwa! Leo nimeanza kazi ya maisha yangu. Ni ya sita, tukihesabu na ile ya kuuza chumvi. Léocadie, mke wangu, anahesabu. Mimi sihesabu.

Kazi ni mpya kabisa, bado inanuka karatasi. Leta, yaani serikali, imechoka kulisha watu katika buloko. Sasa mfungwa mwenye tabia njema anafunguliwa kabla ya siku zake kwisha, lakini kwa masharti. Anapewa mtu wa kumwangalia huko kwao: analala wapi, analima nini, anakunywa nini. Mtu huyo anaitwa délégué. Nimelitamka neno hilo mbele ya kioo cha fundi wa nywele. Linanifaa.

Kwanza, lakini, staji, yaani kujaribiwa, kwa wiki tatu. Nina miaka arobaini na saba, nina mvi mbili (kumi na mbili, asema Léocadie), na leo nimeitwa stagiaire mbele ya watu, kama kijana aliyetoka shule jana. Sikukasirika. Hata jogoo mzee huamka asubuhi.

Nafasi ni moja, sisi ni wawili. Mwenzangu ni Théophile. Alikaa seminari miaka minne, akatoka na miwani. Ana baiskeli yenye taa na kalamu mbili za wino, moja ya kuandikia na moja ya kuonekana mfukoni. Alinisalimu kwa heshima, akaniambia kazi hii inataka mtu wa kuandika, si mtu wa kukaa. Nilicheka. Maskini hajui nimekaa mahali pangapi.

Hakimu wetu ni Muzungu mrefu. Watu wamemwita Wino Mwekundu kwa sababu hawezi kusoma karatasi bila kuiumiza. Aligawa mafaili. Théophile kapewa Hippolyte, wa hapa hapa Kasongo. Mimi nimepewa Sumaili, mkulima wa pamba, wa Kabambare ninakokaa. Kosa lake: alimvunja kapita wa pamba, msimamizi anayepima, meno mawili. Kapita aliweka mguu upande wa mawe ya mizani, pamba ikapungua kilo tatu, Sumaili akasema ameuona mguu, kapita akamwita mwongo mara tatu mbele ya watu. Mara ya tatu ndipo meno yakaondoka. Miezi kumi na minane. Amemaliza kumi na miwili, sita imebaki, na hiyo ndiyo anayoitumikia nje, chini ya macho yangu.

Masharti kwa Sumaili, kuanzia wiki hii: asitoke Kabambare bila karatasi, asinywe, kila Ijumaa apige mhuri ofisini kwenye kibuku chake, kitabu kidogo cha mfungwa. Sharti kwangu: niingie nyumba anamolala mara mbili kwa wiki, nione kwa macho yangu, niandike raporo ya niliyoyaona. Wino Mwekundu alisema wazi: mtu asipolindwa sawasawa, ruhusa inafutwa, anarudi buloko kumaliza miezi yake sita. Alinitazama mimi aliposema hivyo. Mimi nilitazama ukuta, kwa ushujaa.

Akauliza kama nataka kusoma faili kwanza kabla ya kukubali. Hapana! Nikamwambia Kabambare naijua kama mfuko wangu. Théophile alisoma lake mara mbili. Woga tu.

Kabambare, Jumatano, 5 Juni

Siku mbili juu ya lori la Kassimu, kati ya magunia ya chumvi na mapipa. Tulikwama mara nne. Kila tukikwama, Kassimu hapigi honi, hapigi kelele: anatoa akordeoni yake chini ya kiti, anapanda juu ya boneti, anapiga. Watu wanatoka mashambani kuja kusikiliza, na wakishafika wanaona haya kutosukuma. Mtu mwenye akili. Nimejifunza.

Tulipokwama mara ya tatu nikafungua faili, basi tu, kuua wakati. *Makazi ya mfungwa: kwa mjane* — halafu jina. Nikafunga faili haraka. Mdomo ulikuwa umeshaanza kulitamka.

Mama Mkwe! Mama yake Léocadie!

Jina lake siandiki hata hapa. Kalamu nayo ina adabu. Kwetu mtu hatamki jina la mama wa mke wake, hamtazami usoni, haingii kwake. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Ni hivyo mpaka mkwe apeleke mbuzi. Siku hiyo wanakula pamoja, haya inakufa, na mama mkwe anakuwa mama. Wengi hupeleka mbuzi mtoto wa kwanza akizaliwa. Mtoto wangu wa kwanza, Jean-Marie, ana ndevu.

Mbuzi si kwamba hayupo. Yupo tangu 1938. Yule wa kwanza alizaa, mtoto wake naye akazaa. Wa sasa ni kitukuu, jike jeupe lenye sikio moja jeusi. Anaitwa Mbuzi wa Mukwe na akiitwa anaitika. Kila mwaka nimekusudia kabisa kumpeleka. Ukweli ni kwamba Mama Mkwe ana ulimi mrefu, na haya hii imenipa miaka kumi na tisa ya amani.

Sasa nani kamweka Sumaili pale? Padri. Aliombwa orodha ya nyumba zenye sifa njema, na ya kwanza ilikuwa yake. Ndiyo shida ya kuoa kwa watu wenye sifa.

Nilipofika nyumbani nikamweleza Léocadie yote. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, hakuweka mchi chini. Akasema maneno mawili: peleka mbuzi. Nikamwambia mambo ya Leta hayatengenezwi kwa mbuzi. Yanataka akili. Akasema, basi tumekwisha, akaendelea kutwanga, kwa nguvu zaidi.

Alhamisi, 6 Juni

Nimekutana na Sumaili njiani, mbali na ua wa Mama Mkwe. Mrefu, mtulivu, maneno machache. Aliletwa hapa wiki iliyopita, na tangu hapo anakata miti ya nyumba. Mke wake, Waridi, yuko Lusangi kwa wazazi wake. Amemtumia habari kwamba buloko imemchosha kungoja. Sasa anangoja kitu kimoja tu, paa. Siku nyumba ikipata paa, anakuja. Nguzo sita zimeshasimama pembeni ya ua wa Mama Mkwe, ambaye amempa kiwanja. Sumaili naye amemtengenezea mama paa la jiko. Wanaitana mama na mtoto.

Shauri langu lilikuwa rahisi: mimi sitaingia, yeye atoke, anihadithie nyumba. Nikauliza kitanda.

"Kitanda iko."

Viti?

"Iko."

Vingapi?

"Ingia uhesabu, Muzee."

Akanikumbusha kwamba karatasi aliyosomewa Kasongo ilisema macho ya délégué, haikusema masikio. Yeye hatakwenda kunishtaki. Lakini akiulizwa, atajibu. Nikasema vizuri sana, nani atamwuliza?

Halafu akafikiri, akacheka mara ya kwanza. Kama yule ni mama yake, na mimi nimeoa binti ya yule, basi mimi ni shemeji yake. Na shemeji hutaniwa. Hakuna sheria ya Leta inayokataza. Tangu hapo ananiita Shemeji Migomba, kwa sababu tulikuwa tumejificha nyuma ya migomba.

Mfungwa ananitania siku ya kwanza! Ni dalili ya uhusiano mwema. Nitaiandika.

Ijumaa, 7 Juni

Ukaguzi wa kwanza, kutoka migombani. Nilivaa kofia yangu ngumu nyeupe, niliyoachiwa na padri aliyerudi Ulaya. Inanipa cheo. Nimeona: sufuria moja, kiwiko kimoja (cha nani, sijui), kuku mmoja. Kuku aliniona pia. Alikuja kusimama mbele yangu, akanitazama kama karani anayetaka kibuku.

Mchana nilikwenda ofisini kuhakikisha Sumaili anapiga mhuri. Alikuwa ameshapiga. Alitoka msikitini, akapita ofisini, akarudi kwenye miti yake. Tazama jinsi ninavyomlinda!

Jumapili, 9 Juni, Pentekoste

Shauri zuri kuliko yote. Mama Mkwe hakosi misa hata mvua ya mawe ikinyesha. Anakaa benchi la kwanza ili padri amwone. Basi Pentekoste watu wote wako kanisani, nyumba iko tupu, mimi naingia, nahesabu viti, natoka. Nilimwambia Léocadie tumbo linauma. Akasema tumbo langu lina kalenda.

Niliingia uani kwa miguu yangu miwili. Ndani ya nyumba mtu akakohoa.

Ana mafua! Hakwenda misa! Mwaka huu, siku hii!

Mlango ukafunguka. Kushoto ukuta, kulia ukuta, mbele yeye. Nyuma yangu shimo la maji analolowekea muhogo. Niliruka.

Muhogo ule ulikuwa na siku nne majini. Wanaojua harufu ya muhogo wa siku nne wataelewa. Wasiojua, Mungu awahifadhi. Maji yalinifika kidevuni. Kofia ikavuka peke yake upande wa pili.

Mama Mkwe alikuja na kikapu. Akainama, akaanza kutoa mihogo mmoja mmoja, karibu na sikio langu, huku akiimba polepole wimbo wa Roho Mtakatifu. Mimi nilifumba macho, ili haya iwe imetimizwa. Alipomaliza akasimama. Akamwambia kuku, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Kuku, umeona? Mwaka huu mihogo imeota kofia." Akaingia ndani, akafunga mlango, akakaa humo kitambo kirefu.

Bahati iliyoje! Hakuniona.

Jumatatu, 10 Juni

Harufu haitoki. Nimeoga na ndimu, na majivu, na mafuta ya mawese. Sasa nanuka chakula kamili. Léocadie amehamishia mkeka wangu kwenye kibanda cha jiko. Hata Mbuzi wa Mukwe aliponikaribia alirudi nyuma hatua tatu.

Na kesho Kassimu anaondoka na posta, na raporo yangu haina neno. Sufuria moja, kiwiko, kuku. Mtu hawezi kujenga maisha juu ya kiwiko.

Lakini Mungu hamtupi mja wake! Leo limefika bunda kutoka kwa Wino Mwekundu. Ndani: raporo ya kwanza ya Théophile, iliyopigwa nakala, na juu yake kwa wino mwekundu: *Mfano bora. Isomwe na ifuatwe.* Basi nikaisoma. Hippolyte wa Théophile anakaa chumba kilichofagiwa, viti viwili, rozari kwenye msumari juu ya kitanda, kuku sita. Jioni anapiga akordeoni, nyimbo za adabu tu, na majirani husikiliza bila fujo.

Maandishi mazuri. Hakimu amesema ifuatwe. Nikaifuata. Kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimeifuata yote, neno kwa neno, nikaweka Sumaili palipoandikwa Hippolyte. Pale *Jina la mwenye nyumba* nimeacha wazi. Adabu kwanza.

Ijumaa, 14 Juni

Jibu! Wino Mwekundu ameandika *Vizuri sana.* Vizuri sana! Nimemwonyesha Léocadie, nimemwonyesha karani wa ofisi, nimemwonyesha mtu aliyekuwa anapita. Chini yake kuna neno lingine dogo: *Jina la mwenye nyumba?* Limepigiwa mistari miwili. Mambo madogo.

Théophile naye ametuma salamu kwa kinywa cha Kassimu. Yeye ndiye anayepanga makaratasi kule ofisini. Amefurahi kusikia kwamba Sumaili pia ana kuku sita. Nikamjibu kwa kinywa hicho hicho kwamba huku kwetu Maniema kuku ni wengi.

Raporo ya pili nimeiandika papo hapo. Ili isifanane na ya kwanza nimeweka kuku saba na viti vitatu. Leta inapenda maendeleo.

Wiki nzima nimemlinda kutoka migombani. Jumatano nilikuwa juu ya mchikichi. Sumaili alipita chini na nguzo begani, bila kuinua kichwa akasema: "Shemeji, ukiangukia nyumba ya Waridi, paa utaweka wewe." Nguzo sasa ni kumi na mbili. Fito zimefungwa. Mtu huyu anafanya kazi kama anadaiwa na jua.

Kapita naye nimemwona sokoni. Bado anapima pamba. Meno tu ndiyo yamepungua.

Jumatano, 19 Juni

Barua. Wino Mwekundu anakuja Ijumaa, yeye mwenyewe, kwa gari. Amefurahishwa mno na raporo zangu. Baba yake huko Ubelgiji alikuwa mpiga akordeoni. Angependa kukaa kidogo uani, amsikilize Sumaili.

Nimeisoma mara nne. Kila mara akordeoni ilikuwa mle mle.

Si neno. Siku mbili ni nyingi. Nikamfuata Sumaili, nikamkuta anatandika majani ya paa upande wa kwanza. Nikamweleza yote, kwa uchangamfu, kama watu wawili wenye kazi moja. Alishuka ngazini. Akaniuliza kama nimeandika uongo ule juu ya jina lake. Nikasema si uongo hasa, ni mfano bora. Akaniuliza tena, polepole: hakimu akiona ni uongo, akisema mtu huyu hakulindwa, nani anarudi buloko? Nikaanza kueleza. Akajijibu mwenyewe: "Si wewe."

Miezi sita. Mchwa wa Kabambare hawahitaji hata mitatu kumaliza nguzo kumi na mbili. Na Waridi ameshaanza kufunga mizigo yake. Nilihisi kitu kifuani. Nilidhani ni muhogo.

Nikamwomba, basi, mambo mawili tu: rozari, saa moja, kwenye msumari. Na kinanda, hiyo akordeoni, nitamtafutia. Kassimu anaweza kumfundisha wimbo mmoja mfupi. Akanitazama kama alivyomtazama kapita, naamini. Nikaziba meno yangu.

"Shemeji," akasema, "nilienda buloko juu ya kukataa uongo ya kilo tatu. Leo nikubali ya kinanda muzima?"

Akapanda tena juu ya paa.

Jioni Léocadie alikuja kusimama mlangoni pa kibanda changu cha jiko, akishika kamba. Upande wa pili wa kamba alikuwa mbuzi. Akasema bado kuna kesho. Nenda, kula naye, ingia ndani, hesabu viti vya kweli, mwandikie Muzungu barua ya kweli. Nikamwambia huu si wakati wa kula mbuzi, ni wakati wa kufikiri. Mbuzi akalia. Léocadie akasema hata yeye anaona haya.

Ijumaa, 21 Juni

Leo naandika polepole. Ni uchovu.

Wino Mwekundu alifika saa nne, na Théophile nyuma ya gari akikumbatia mafaili. Tulipofika uani kwa Mama Mkwe hakimu akanyosha mkono: nipite mbele, nimwonyeshe. Nikamwonyesha karanga za jirani. Akapita yeye. Théophile akapita. Mimi nikabaki nje ya ua, uso kwenye majani, kama mtu anayehesabu migomba.

Ndani nikasikia viti vinasogezwa. Halafu sauti ya hakimu ikaniita kwa jina: "Zéphirin! Kinanda iko wapi?"

Sumaili akajibu. Kinanda hakuna. Rozari hakuna, yeye ni Mwislamu tangu babu. Kuku ni mmoja, na si wake, ni wa mama. "Na Muzee Zefirini," akasema, "hajaingia humu hata siku moja."

 Théophile akakohoa kwa furaha.

Nilichungulia kwenye tundu la ua. Wino Mwekundu alikuwa ametoa kalamu. Akasema, bila hasira, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, kwamba anasikitika. Mtu hakulindwa, sheria haichagui, ruhusa inafutwa, gari lina nafasi.  Sumaili aligeuza kichwa akatazama paa lake. Lilikuwa limebakiza upande mmoja.

Sasa sijui kilichonipata. Nimejaribu kukumbuka ni shauri gani nililokuwa nalo, sikumbuki shauri lolote. Niliingia. Niliingia kinyumenyume, kofia imeshushwa usoni, mgongo mbele, ili nisimwone Mama Mkwe. Niligonga kinu. Nikamgonga Théophile, mafaili yakamwagika. Nikamgonga na hakimu. Nikasema kwa sauti, nikiutazama mlango wa ua nilioingilia, kwamba uongo ni wangu wote, kuku wote ni wangu, na rozari, na kinanda. Mtu huyu hakuwahi kusema uongo hata mmoja, na ni tabu kubwa kufanya naye kazi.

Ndipo sauti ikatoka jikoni. Haikusema na mimi, haiwezi. Ilisema na kuku.

"Kuku, mwambie Bwana huyu. Anasema mutu hakulindwa? Wewe na mimi tumeona. Mukwe wangu amelala migombani mara nane. Juu ya muchikichi mara moja. Ndani ya muhogo yangu siku ya Pentekoste, na nilimwachia nafasi atoke, masikini. Hakuna mufungwa Kongo muzima amelindwa hivi! Hajaingia kwangu, ndiyo. Hawezi. Mwambie Bwana, kuku, nangoja mbuzi tangu mwaka wa thelathini na nane."

Wino Mwekundu akauliza mbuzi gani. Théophile akamfasiria, kwa huzuni, yote: jina lisilotamkwa, uso usiotazamwa, mbuzi na kitukuu wake. Hakimu akakaa juu ya kinu. Nilisikia kitu kama mtu anayekabwa. Alikuwa anacheka, mabega tu, bila sauti. Kisha akaomba kibuku cha Sumaili. Mihuri yote ipo, Ijumaa tatu, na ya leo wino haujakauka. Mama Mkwe akamwambia kuku kwamba nyumbani yeye mwenyewe amemlinda Sumaili, na hajaona mtu anayelala mapema kama huyu.

Hakimu akaandika. Sumaili anabaki nje. Hapotezi hata siku moja.

Nafasi imepewa Théophile. Sawa. Mimi sikufukuzwa, kwa sababu mwishoni niliingia, ingawa kwa mgongo. Staji yangu imeongezwa miezi sita. Kwa masharti. Nisitoke Kabambare bila karatasi. Kila Ijumaa nipige mhuri ofisini. Niandike tu nilichokiona. Nipeleke mbuzi. Na mtu mwaminifu ataingia nyumbani kwangu mara mbili kwa wiki, aone kwa macho yake kama naendelea vizuri.

Hakimu akatazama uani kutafuta mtu mwaminifu. Hapakuwa na wengi.

"Jumatatu, Shemeji," Sumaili akaniambia tulipotoka. "Asubuhi. Fagia."

Jumapili, 23 Juni

Nimelala vizuri, nimefikiri, na naona wazi sasa. Nimepandishwa! Théophile walimwamini kwa staji ya wiki tatu tu. Mimi wameniongezea miezi sita. Hakimu mwenyewe aliniwekea masharti matano, na Sumaili ana matatu. Mtu hapewi masharti mengi hivyo kama hana mbele.

Paa la Sumaili limekamilika jana. Waridi ametumiwa habari. Nilipita kutazama, kutoka migombani, kwa mazoea. Kuku alinisindikiza.

Léocadie ameamka na furaha isiyo ya kawaida. Amemwosha Mbuzi wa Mukwe kwa sabuni, amemfunga kamba mpya, amenivalisha shati jeupe. Baada ya misa, akasema, moja kwa moja kwa mama, usipite popote. Nikaahidi. Na nilikwenda! Iandikwe kwamba nilikwenda. Nilikuwa nimeshafika njia panda, mbuzi anatembea mbele kama anaijua njia, kama kwamba mama zake wote walimweleza.

Njia panda pale lori la Kassimu lilikuwa limekwama. Kassimu juu ya boneti, anapiga akordeoni. Watu wanakuja.

Nikasimama. Nikafikiri: kesho asubuhi mkaguzi anaingia nyumbani kwangu. Na mkaguzi anapoingia nyumbani kwa mtu, anapenda kuona nini? Hilo nalijua, ninao mfano bora, hakimu mwenyewe aliusifu. Viti viwili ninavyo. Chumba kitafagiliwa. Rozari iko msumarini tangu siku ya ndoa. Kuku nina wanne, wawili nitaazima kwa jirani. Kilichokosekana ni kitu kimoja tu.

Kassimu hakutaka kukitoa hivi hivi. Alitaka rehani.

Nimemwachia mbuzi.